Rejeta za alumini za wima kwa nyumba za Arusha na juu ya Moshi: kuchagua, kufunga na kujaza maji

Rejeta ni kifaa cha ukutani kinachopasha chumba kwa maji moto yanayozunguka ndani yake. Kinachoua rejeta ya alumini katika nyumba za miteremko ya Mlima Meru ni maji hayo yanayojazwa ndani yake. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo hudumu pale pH ya maji (kipimo cha asidi na alkali: namba ikipanda, alkali imezidi) inapokaa kati ya 7 na 8. Maji mengi ya chemchemi na visima kuzunguka Meru yamepita kwenye miamba ya volkano. Yamebeba bikaboneti ya sodiamu pamoja na floraidi, na pH yake hupita 8 bila taabu. Watu wa Maji ya Chai na Ngaramtoni wanaijua floraidi hiyo kwa meno ya watoto wao. Maji ya namna hiyo yakizungushwa ndani ya rejeta huuvua ule utando, hula alumini yenyewe na kuzalisha gesi ya haidrojeni. Rejeta ambayo ingemaliza miaka mingi ukutani inaanza kutoa jasho kwenye maungio mapema, na mwenye nyumba anamlaumu fundi.

Kwa hiyo kabla hujaagiza chochote, jua maji ya kujazia utayatoa wapi. Maelezo yake yako mbele, na ndiyo sehemu ya mwongozo huu isiyofaa kurukwa.

Nani anaihitaji

Moshi mjini, kwenye mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, mfumo wa rejeta ni matumizi mabaya ya fedha. Ukipanda Kibosho, Machame au Marangu hali ni nyingine. Arusha mjini iko karibu mita 1,400, na Ilboru na vitongoji vilivyo juu yake ni zaidi ya hapo. Kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hukaa juu ya mlima siku nzima, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 12, au 10 na pungufu kadiri unavyopanda. Nyumba yenye mzee wa miguu ya baridi, mtoto mchanga, mgonjwa wa pumu au wageni wa kulala inafaidika sana. Na kama familia yenu huingiza jiko la mkaa chumbani usiku, acheni leo, hata kabla ya kununua rejeta: moshi wake usioonekana, kaboni monoksaidi, huua watu wakiwa usingizini.

Ziba nyumba kwanza

Tuchukue sebule ya mita 4 kwa 5, dari mita 2.8, kuta mbili za nje za tofali la saruji, madirisha ya mita 4 za mraba yenye kioo kimoja. Nje ni nyuzi 10, ndani tunataka 20. Tofauti ni nyuzi 10. Joto linatoka hivi (namba ya katikati ni wati zinazopita kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti):

Kuta: mita 21 za mraba × 2.5 × 10 = wati 525.
Madirisha: 4 × 5.8 × 10 = wati 232.
Dari la jipsamu tupu chini ya bati: 20 × 3 × 10 = wati 600.
Hewa inayopenya, tuseme chumba kinabadilisha hewa mara moja na nusu kwa saa: wati 277.

Jumla ni kama wati 1,630. Sakafu tumeiacha kwa sababu udongo wa hapa unakaa karibu na wastani wa joto la mwaka, nyuzi 19 au 20, kwa hiyo hauibi kitu cha maana.

Sasa tandaza pamba ya kioo ya sentimita 5 juu ya dari. Zile wati 600 zinashuka hadi kama 130, na jumla ya chumba inakuwa wati 1,160. Robo na zaidi ya mzigo imeondoka kwa kazi ya siku moja darini, isiyohitaji umeme wala pampu. Chumba kisicho na dari kabisa, bati likionekana, hupoteza kama wati 1,400 kwa juu peke yake. Huko usifunge rejeta, funga dari. Madirisha ya luva ni tatizo la pili. Luva zilizolegea hufanya hewa ya chumba ibadilike mara nne au zaidi kwa saa, na ile 277 inapita 700. Badilisha luva kwa dirisha la kuteleza lenye brashi, au angalau ziba luva za chini kwa kioo kimoja, na weka mpira chini ya mlango. Ila usizibe matundu yote ya hewa katika chumba chenye jiko la gesi au mahali pa moto wa kuni.

Kutoka wati hadi idadi ya vipande

Kwa wati 1,160 ongeza robo, kwa sababu hapa watu huwasha jioni tu na kuta za tofali hunywa joto kwa saa nzima kabla chumba hakijapata lake. Inakuwa 1,450. Ongeza tena asilimia 10 kwa ajili ya urefu wetu juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, na rejeta hutoa joto lake kubwa kwa hewa inayopanda kati ya mapezi yake. Tunafika wati 1,600.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupigwa. Karatasi ya kiwanda huonyesha nguvu ya rejeta kwa tofauti fulani kati ya wastani wa joto la maji na joto la chumba. Kipimo cha Ulaya, EN 442, hutumia tofauti ya nyuzi 50, yaani maji yanaingia na 75, yanatoka na 65, chumba kina 20. Huandikwa ΔT50. Wauzaji wengine huandika namba ya ΔT60 au ΔT70 kwa sababu ni kubwa zaidi: rejeta ileile yenye wati 300 kwa ΔT50 huonekana ina 465 kwa ΔT70. Kama karatasi haisemi ni tofauti gani, usinunue.

Na maji yako hayatakuwa na nyuzi 75. Ukitumia pampu ya joto, mashine ya umeme tutakayoieleza mbele, maji yatakwenda na 55 na kurudi na 45. Wastani 50, tofauti na chumba ni 30. Zidisha namba ya ΔT50 kwa vipimo hivi:

Tofauti ya 40: 0.75
Tofauti ya 30: 0.51
Tofauti ya 25: 0.41
Tofauti ya 20: 0.30

Kwa hiyo 1,600 ÷ 0.51 ni kama wati 3,140 za kwenye karatasi. Rejeta huunganishwa kwa vipande vilivyosimama bega kwa bega. Kipande kimoja cha wima chenye urefu wa mita 1.8, kama kimeandikwa wati 300 kwa ΔT50, vinahitajika vipande 11. Kila kipande kwa kawaida kina upana wa milimita 80, kwa hiyo rejeta itakuwa na upana wa sentimita 88. Katika sebule ya ukubwa huu ni vizuri zaidi kufunga mbili za vipande 6 kila moja, sentimita 48, katika kuta mbili tofauti. Joto litasambaa, na ukutani nafasi ya kupata sentimita 48 ni rahisi kuliko 88.

Ya wima ina faida gani, na hasara gani

Faida ni nafasi ya ukuta. Nyumba nyingi za hapa zina madirisha yanayoshuka chini, makochi yanayozunguka kuta zote na kabati kubwa la vyombo. Rejeta nyembamba inakaa kati ya mlango na dirisha, mahali ambapo samani haifiki. Hasara yake ni kwamba inapeleka joto juu mapema zaidi kuliko ya kulala. Dari likizidi mita 3, tafuta ya kulala yenye urefu wa sentimita 60 ukipata nafasi. Usilazimishe wima kwa sababu ya sura.

Alumini yenyewe ni nyepesi, hupata moto haraka na hubeba maji kidogo, sifa nzuri kwa mji ambako joto linahitajika kwa saa nne au tano jioni. Ila kama maji safi ya kujazia huwezi kuyapata wala kuyatunza, nunua rejeta za bati la chuma. Chuma hustahimili maji yenye alkali bora kuliko alumini, na tunalisema hili kwa moyo mweupe ingawa mwongozo ni wa alumini.

Chanzo cha joto

Pampu ya joto inayochota joto kwenye hewa ya nje ndiyo inayofaa zaidi hali yetu, kwa kuwa hewa ya nyuzi 10 kwake ni ya joto. Kwa kila yuniti moja ya umeme hutoa karibu yuniti tatu za joto maji yakiwa chini ya nyuzi 55. Nyumba inayohitaji kilowati 4 kwa saa nne jioni inatumia yuniti 16 za joto: boila ya umeme itakula yuniti 16 zote kwenye LUKU, pampu ya joto kama 5 na nusu. Chukua risiti yako ya mwisho ya LUKU, piga hesabu kwa bei iliyoandikwa pale, zidisha kwa siku 90 za baridi, na utajua kama tofauti ya bei ya mashine itarudi.

Boila ya umeme ya kilowati 4.5 inavuta karibu ampea 20. Inahitaji waya wa milimita 4 za mraba, breka yake yenyewe ya ampea 25, na ethi iliyopimwa. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA.

Sola peke yake isikudanganye. Miezi unayotaka joto ndiyo miezi ya mawingu.

Boila ya kuni inahitaji tahadhari kubwa. Umeme ukikatika pampu ya mzunguko inasimama lakini moto hauzimiki. Katika mfumo uliofungwa, maji yatachemka na presha itapanda. Boila ya kuni iwe na tangi lake la juu lililo wazi, na itenganishwe na rejeta za alumini kwa kibadilisha joto cha sahani, ili maji ya boila yasichanganyike kamwe na maji ya rejeta. Bila hicho kibadilisha joto, maji ya tangi wazi yatapungua, utaongeza, utaongeza tena, na kila ndoo ya bomba unayoongeza ina alkali mpya.

Vifaa vya kuagiza na vya kununua hapa

Rejeta za wima kwa kawaida ni mzigo wa kuagiza, kupitia bandari ya Dar es Salaam au mpaka wa Namanga. Agiza pamoja nazo kila kitu kinachoendana na uzi wake, kwa sababu mpira mmoja ukikosekana kazi inalala wiki. Kwa kila rejeta: plagi nne za inchi 1 zenye tundu la nusu inchi (mbili za uzi wa kulia, mbili za uzi wa kushoto), plagi moja ya kuziba, koki ndogo ya kutolea hewa na ufunguo wake, mabano manne ya ukutani, mipira ya akiba, valvu moja ya thamostati (inayojifunga chumba kikipata joto lake) na valvu moja ya kurudishia maji. Uliza kama rejeta imetengenezwa kwa kuunganishwa chini. Ikiwa hivyo, lazima ije na kizuizi cha maji, kinachoelezwa kwenye hatua ya tatu.

Vinavyopatikana Arusha na Moshi ni bomba za PPR, yaani za plastiki ya kuchomea, na maungio yake. Chukua PPR yenye tabaka la alumini ndani, si ile ya kawaida. Ile ya kawaida ina madhara mawili. Kwanza inapitisha oksijeni polepole kupitia ukuta wake, na oksijeni hiyo hushambulia pampu na sehemu za chuma. Pili inarefuka: mita 10 za PPR tupu joto lake likipanda kwa nyuzi 40 hurefuka milimita 60, na bomba lililozikwa ndani ya plasta litaipasua. Yenye tabaka la alumini hurefuka kama milimita 12.

Usitumie bomba za mabati, na epuka bomba za shaba. Chembe za shaba husafiri na maji, hutua juu ya alumini na kuichimba vishimo vidogo. Maungio machache ya shaba nyeupe kwenye valvu hayana neno.

Kwa rejeta moja ya wati 800 hadi 1,600, bomba la milimita 20 linatosha. Bomba kuu la kubeba rejeta tatu au nne liwe 25. Nunua pia tangi la upanuzi (linalopokea maji yanapotanuka kwa joto) la lita 8 kwa mfumo usiozidi lita 80, valvu ya usalama ya bar 3, geji ya presha, chujio, pampu ya mzunguko kama pampu ya joto haina yake ndani, boli valvu nne, na sponji ya kuhami bomba.

Kufunga

*Hatua ya kwanza: chora ukutani.* Rejeta ikae sentimita 12 hadi 15 juu ya sakafu iliyomalizika, si juu ya zege kabla ya vigae. Nyuma iachwe sentimita 3 hadi 5, juu angalau 10. Pazia lisiifunike, na kochi lisisogee karibu kuliko sentimita 30. Tumia timazi, kwa sababu rejeta ya mita 1.8 ikilala nusu sentimita inaonekana hata na mgeni. Mahali pazuri ni ukuta wa nje ulio jirani na dirisha, upande ambao baridi inaingilia.

*Hatua ya pili: mabano.* Pima uzito wa rejeta pamoja na maji yake, kisha uchague skrubu. Kwa tofali gumu, drili ya nyundo na biti ya milimita 10, tundu la sentimita 8 ndani ya tofali. Plasta haihesabiki, haishiki kitu. Kwa tofali lenye matundu, plagi ya plastiki itazunguka bure. Vunja kipande kidogo cha uso wa tofali, jaza tundu kwa saruji na mchanga wa moja kwa tatu, subiri siku saba ukimwagilia, ndipo utoboe. Nyumba yenye watoto inahitaji bano la juu lenye kufuli, ili rejeta isiinuke kutoka kwenye ndoano mtoto akiipanda.

*Hatua ya tatu: plagi na kizuizi.* Fanya kazi hii rejeta ikiwa imelala juu ya kadibodi. Kila plagi ina mpira wake. Usizungushie tefloni, mpira ndio unaoziba. Kaza kwa mkono hadi ishike, kisha robo hadi nusu duru kwa spana. Uzi wa alumini ni laini, ukiuvunja umepoteza kipande kizima. Angalia mshale au herufi kwenye plagi kabla ya kukaza: uzi wa kushoto hukazwa kinyume cha uliouzoea.

Kizuizi ndicho kinachosahaulika kuliko vyote. Katika rejeta ya wima iliyounganishwa chini kulia na chini kushoto, maji huchagua njia fupi: huingia, hupita chini na kutoka, na sehemu ya juu hubaki baridi. Kizuizi huwekwa chini, kati ya kipande cha kwanza na cha pili, ili maji yapande kipande cha kwanza hadi juu na kushukia vingine. Kwa hiyo upande wa kuingilia ni ule wenye kizuizi, na hauwezi kubadilishwa ukishafunga. Utie alama kwa kalamu ya rangi. Koki ya hewa inakaa juu, upande wa mbali na kizuizi.

*Hatua ya nne: bomba.* Mashine ya kuchomea PPR iwe na nyuzi 260 na iachwe ipate moto kabisa, taa yake izime mara mbili. Bomba lenye tabaka la alumini linyolewe kwa kifaa chake kabla ya kuchomwa, la sivyo halishiki. Milimita 20: ingiza milimita 14, shika sekunde 5. Milimita 25: ingiza 16, sekunde 7. Ukizidisha muda plastiki hufunga tundu ndani na pampu itapigana nalo maisha yote. Baada ya kuunganisha usizungushe, na usiguse kwa dakika 2. Kwenye maungio ya uzi wa shaba nyeupe, zungusha tefloni mara 10 hadi 12 kwa mwelekeo wa kukazia.

Bomba zinazopita nje au darini zivalishwe sponji. Ndani ya ukuta zivalishwe pia, hata nyembamba, ili zipate nafasi ya kurefuka.

*Hatua ya tano: jaribu kabla ya kupiga plasta.* Tenga pampu ya joto, toa valvu ya usalama na uzibe mahali pake. Jaza maji ya bomba ya kawaida, pandisha hadi bar 4.5 kwa pampu ya mkono. Presha itashuka kidogo kwanza kwa sababu plastiki hutanuka. Ipandishe tena baada ya nusu saa. Kisha isishuke kwa saa nzima. Ikishuka, pita na tishu kavu kila ungio. Maji haya ya majaribio pia huosha vumbi na mabaki ya plastiki. Yamwage yote siku hiyohiyo, usiyaache rejetani hadi wiki ijayo, na urudishe valvu ya usalama mahali pake.

*Hatua ya sita: tangi la upanuzi.* Pima upepo wake likiwa tupu, kwa geji ya tairi. Kwa nyumba isiyo ya ghorofa iwe bar 1. Mafundi wengi hulifunga kama lilivyotoka kiwandani, kisha presha inarukaruka.

Maji ya kujazia

Nunua vijiti vya kupimia pH kwenye duka la vifaa vya mabwawa ya kuogelea na upime maji yako. Hata yakisoma 7.8 usifurahi bado. Maji yenye bikaboneti yakipashwa hutoa kabonidayoksaidi na pH yake hupanda, ya 7.8 bombani yanaweza kupita 8.5 ndani ya mfumo baada ya wiki mbili. Maji ya chemchemi za Kilimanjaro upande wa Moshi kwa kawaida yana alkali kidogo kuliko ya Meru, lakini pima vilevile.

Kwa Arusha tunashauri maji ya mvua. Nyumba yenye rejeta nne haihitaji zaidi ya lita 60 hadi 80, kwa hiyo lita 100 za masika zinatosha na kubakiza akiba. Acha mvua za mwanzo zioshe bati, kinga za baadaye, chuja kwa kitambaa, hifadhi kwenye simtanki au ndoo za plastiki zenye mfuniko. Usitumie maji ya mvua yaliyokaa kwenye tangi la saruji, maana saruji nayo hupandisha pH. Msimu ukiwa umepita, maji ya kunywa yaliyochujwa kwa mashine ya RO (inayosukuma maji kupita kwenye utando na kuacha chumvi nyuma) yanafaa. Maji ya betri yaliyotoneshwa yanafaa pia, mradi usome lebo vizuri na usichukue asidi. Maji yaliyolainishwa kwa mashine ya chumvi hayafai hata kidogo: chokaa imeondoka lakini sodiamu imeongezeka.

Maji ya mvua peke yake yana asidi kidogo, na hayana kinga. Ongeza dawa ya kuzuia kutu iliyoandikwa wazi kwamba inafaa alumini. Nyingi hutumia lita 1 kwa lita 100 za maji, ila fuata lebo. Hesabu ndoo unapojaza ili ujue ujazo kamili, na uandike namba hiyo kwa kalamu isiyofutika karibu na geji, kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye.

Jaza kutoka chini, polepole, kwa pampu ndogo, valvu zote zikiwa wazi. Toa hewa kuanzia rejeta ya chini na ya karibu, malizia ya juu na ya mbali. Simama kwenye bar 1.2 hadi 1.5 maji yakiwa baridi. Washa pampu nusu saa bila joto, toa hewa tena, kisha panda hadi nyuzi 40, halafu 55. Baada ya siku mbili toa hewa mara nyingine na urudishe presha kwa maji uliyoyabakiza. Usiunganishe mfumo moja kwa moja na bomba la nyumba kwa koki iliyo wazi: uvujaji mdogo utajificha miezi, huku maji ya alkali yakiingia kila siku.

Kusawazisha

Rejeta ya karibu na pampu huiba maji ya wenzake. Fungua valvu za thamostati zote, kisha kwa valvu za kurudishia punguza ya karibu hadi tofauti ya joto kati ya bomba la kwenda na la kurudi iwe karibu nyuzi 10 kwa kila rejeta. Kipimajoto cha jikoni kilichofungwa kwa tepu juu ya ungio la shaba nyeupe kinatosha. Anza na mizunguko miwili wazi kwa zile za karibu, minne kwa za mbali, subiri dakika 20, rekebisha. Rejeta moja, kwa kawaida ya ukumbini, isiwekewe kichwa cha thamostati. Pampu ya joto inahitaji njia ambayo maji hayafungiwi kamwe.

Mambo yanayoharibika

Juu ni baridi, chini ni moto: kama hewa imeshatolewa, kizuizi hakipo au upande wa kuingilia umegeuzwa.

Inagonga kama nyundo pale thamostati inapokaribia kufunga: maji yanapita valvu kinyume. Angalia mshale mgongoni mwa valvu.

Presha inapanda hadi bar 3 ikipata moto na kushuka sifuri ikipoa: tangi la upanuzi limepoteza upepo.

Unatoa "hewa" kila wiki na haiishi: hiyo si hewa, ni haidrojeni, alumini inaliwa. Usiitoe karibu na mshumaa, sigara wala jiko. Pima pH ya maji ya mfumo mara moja. Ikizidi 8.5, mwaga yote, osha kwa maji ya mvua, jaza upya na dawa. Kwa sababu hiyohiyo usifunge valvu zote mbili za rejeta iliyojaa maji na kuiacha hivyo miezi ya joto. Gesi ikikosa pa kwenda hupandisha presha ndani ya rejeta peke yake, na hapo hakuna valvu ya usalama.

Rangi inavimba kwenye kona za chini: mara nyingi ni maji ya kupigia deki yenye sabuni kali au klorini. Futa rejeta kwa kitambaa chenye maji matupu.

Septemba ikifika zima chanzo cha joto lakini usimwage maji. Maji yaliyokwisha kutoa oksijeni yake ni salama kuliko mapya. Washa pampu ya mzunguko dakika 10 kila mwezi ili isigande, zungusha vichwa vya thamostati kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwezi Mei, wiki mbili kabla ya baridi, chota glasi moja ya maji ya mfumo upime pH na uangalie rangi yake. Yakiwa ya kijivu yenye matope meupe, alumini imeanza kuyeyuka. Safisha chujio na ubadilishe maji kabla ya Juni.